Kombe la Davis, makaburu na reli ya bondeni: kipi kweli, kipi si kweli

Tenisi haizungumzwi sana Ifakara. Hapa mpira ni wa miguu, na mwenye hamu ya kubishana atabishana Simba na Yanga mpaka giza liingie. Lakini tangu Urusi ifungiwe mwaka 2022 kwa kuivamia Ukraine, na tangu vita vya Gaza vianze, ubishi wa aina nyingine umeingia vijiweni: je, ni haki timu ya taifa inyimwe kucheza kwa sababu ya matendo ya serikali yake? Kila upande huchota mifano ya zamani, na mifano mingi imeharibika njiani. Miaka imechanganywa na sababu zimegeuzwa. Watu waliolipa gharama kubwa wamesahauliwa.

Nimeyachukua madai yanayorudiwa zaidi na kuyapima moja moja. Mengi yanahusu Kombe la Davis, mashindano ya tenisi ya timu za taifa za wanaume. Mengine yanahusu Olimpiki, kwa kuwa huko ndiko Tanzania ilikosimama mbele ya dunia nzima. Yote yanakutana kwenye jambo moja ambalo sisi wa bonde la Kilombero tunapishana nalo kila siku: reli ya TAZARA.

Kwa asiyelijua kombe lenyewe: lilianza mwaka 1900 mjini Boston, Marekani ikicheza na Uingereza, na limepewa jina la Dwight Davis, kijana wa Chuo Kikuu cha Harvard aliyelitoa. Kwa miaka mingi pambano la nchi mbili lilikuwa na mechi tano, nne za mtu na mtu na moja ya wawili wawili, na aliyepata tatu alisonga mbele. Nchi moja huwa mwenyeji, nyingine husafiri. Hilo la kusafiri ndilo la kushika. Mashindano ya namna hiyo hayachezeki bila ofisi ya uhamiaji kugonga muhuri, na serikali inayochagua nani aingie na nani asiingie tayari inawapangia wengine kikosi.

"Tenisi ilikuwa safi, waandamanaji ndio walioingiza siasa"

Si kweli, na hili ndilo kosa linalozaa makosa mengine yote.

Afrika Kusini iliingia Kombe la Davis mwaka 1913. Kwa zaidi ya miaka 60 kikosi chake kilikuwa cha weupe watupu. Weusi, Wahindi na machotara walikuwa na vyama vyao vya tenisi, lakini chama kilichotambulika kimataifa, na chenye haki ya kuteua timu ya taifa, kilikuwa cha weupe. Hakuna mwandamanaji aliyeyapanga hayo. Yalipangwa na desturi kwanza, kisha, baada ya makaburu kushika serikali mwaka 1948, yakapangwa na sheria.

Halafu akaja Arthur Ashe. Alizaliwa Richmond, Virginia, mwaka 1943, katika mji ambamo naye alizuiwa kuingia viwanja vya weupe utotoni. Mwaka 1963 akawa mtu mweusi wa kwanza kuichezea Marekani katika Kombe la Davis, na mwaka 1968 akashinda mashindano ya wazi ya Marekani. Mwaka 1969 aliomba viza ya kwenda kucheza Afrika Kusini. Akanyimwa. Hakuwa ameomba kwenda kuhutubia wala kuandamana. Aliomba kwenda kupiga mpira.

Mwaka 1970 Afrika Kusini ikatolewa kwenye Kombe la Davis. Anayesema siasa iliingia siku hiyo anaianzia hadithi katikati. Aliyemfungia mtu lango kwa rangi yake ndiye aliyeanza, na waliokataa kucheza naye walikuja baadaye sana, tena baada ya kusihi na kuandika barua kwa miaka mingi.

Ashe mwenyewe hakuwa mtu wa kususia kwa pupa. Alipopewa viza mwaka 1973 alikwenda Johannesburg, akafika fainali na kufungwa na Jimmy Connors, akashinda taji la wawili wawili akiwa na Tom Okker, na akaenda Soweto kuona kwa macho yake. Weusi wa huko waligawanyika: wengine walimshangilia, wengine walimwambia amewapa makaburu cheti cha kujisafishia. Miaka ilivyosonga yeye mwenyewe aliegemea upande wa kuitenga Afrika Kusini, na mwaka 1985 alikamatwa akiandamana mbele ya ubalozi wake mjini Washington. Mtu huyu alijaribu mlango kabla ya kukubali kwamba umefungwa kwa makusudi, na kwangu mimi huo ni ushahidi mzito kuliko hotuba.

"Afrika Kusini ilitwaa Kombe la Davis mwaka 1974"

Kwenye orodha ya mabingwa, kweli. Uwanjani, hapana.

Afrika Kusini ilirudishwa mashindanoni kwa muda na kuwekwa kwenye kanda ya Amerika, mbali na nchi za Afrika na Asia ambazo zisingekubali kucheza nayo. Ikapita huko, ikaifunga Italia, ikaingia fainali. Upande wa pili India ilikuwa imepitia jasho la kweli. Mjini Calcutta iliitoa Australia kwa mechi tatu dhidi ya mbili, katika pambano lililokwenda gemu 327, rekodi ya kombe hilo. Kisha ikaifunga Umoja wa Kisovyeti mjini Pune. Vijay Amritraj alikuwa na miaka 20, kaka yake Anand alikuwa kwenye kikosi, na kwa mara ya pili katika historia India ilikuwa hatua moja tu kabla ya kombe.

Serikali ya Indira Gandhi ikasema hapana. Hatutacheza na timu ya ubaguzi wa rangi, Johannesburg wala kwingine. India ndiyo nchi iliyoipeleka Afrika Kusini mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1946, hivyo kukataa huko hakukuwa jambo la kushtukiza. Fainali haikuchezwa, na ni fainali pekee ya Kombe la Davis iliyokosa kuchezwa. Afrika Kusini ikaandikwa bingwa, taifa la tano tu kulitwaa kombe tangu mwaka 1900.

Gharama yake? India ilifika fainali tena mwaka 1987, ikafungwa na Sweden. Mpaka leo haijalishika kombe hilo. Wale vijana wa mwaka 1974 walicheza muda mrefu na kwa heshima, lakini fainali ile haikurudi. Anayesema kususia ni rahisi awafikirie hao.

"Waliopinga walikuwa Waafrika na Waasia tu, Wazungu hawakujali"

Si kweli. Na hapa ndipo treni yetu inapopanda jukwaani.

Tarehe 3 Mei 1968, mji mdogo wa pwani uitwao Båstad, kusini mwa Sweden, ulipangiwa pambano la Kombe la Davis kati ya Sweden na Rhodesia. Vijana wa Kiswidi, wengi wao wanafunzi, walifika kwa wingi, wakaziba njia ya kuingia uwanjani. Polisi wakawamwagia maji. Vijana hawakuondoka. Mechi ikafutwa, na baadaye ikahamishiwa Bandol, kusini mwa Ufaransa, ikachezwa bila watazamaji. Sweden ilishinda, ingawa nani alishinda si jambo linalokumbukwa.

Kwa nini Rhodesia? Kwa sababu tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na wenzake walijitangazia uhuru wa weupe wachache ili kuwazuia weusi walio wengi wasitawale. Kwa kijana wa Stockholm lilikuwa suala la dhamiri. Kwa Zambia lilikuwa suala la kupumua. Shaba yake, iliyokuwa uchumi wake wote, ilikwenda baharini kwa reli iliyopita katika ardhi ya Smith, na mafuta yake yalikuja kwa njia hiyohiyo. Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza mwezi Desemba 1965 kwa kuiona inamlegezea Smith. Kaunda wa Zambia na Nyerere waliziomba nchi za Magharibi reli ya kufika Dar es Salaam, wakaambiwa hailipi. China ikakubali. Mkataba ulitiwa saini Beijing tarehe 5 Septemba 1967: mkopo usio na riba, na reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi.

Ujenzi ulianza rasmi mwaka 1970. Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, ikawa kambi kubwa yenye karakana. Vijana wetu walifanya kazi bega kwa bega na Wachina, na kutoka Mlimba kupanda kuelekea Makambako kukawa ndiko kugumu kuliko kote: mlima, handaki, daraja, handaki tena, kwenye udongo unaoporomoka kila mvua ikinyesha. Wachina zaidi ya 60 walifia katika kazi hiyo, na makaburi yao yapo Gongo la Mboto. Mwaka 1975 njia ilikuwa imeunganika.

Ukitaka kuona alama ya siasa ile kwa macho, nenda Kidatu ukaangalie chini, si juu. Reli ya Kati ina upana wa mita moja. TAZARA ina milimita 1,067, upana uleule wa reli za kusini mwa Afrika, ili mabehewa ya Zambia yapite moja kwa moja. Ndiyo maana mzigo unaotoka reli moja kwenda nyingine hushushwa na kupakiwa upya hapo Kidatu. Tofauti ya milimita 67 inakuambia reli hii ilielekezwa wapi.

Kwa hiyo mtu wa Chita anayepandisha magunia yake ya mpunga, au mama wa Mlimba anayeuza ndizi dirishani mwa behewa, anaishi na matokeo ya jambo lilelile lililosimamisha mechi ya tenisi Båstad. Wakulima wa bonde waliifanya reli kuwa yao, wakaitumia kupeleka mpunga, mahindi na ndizi sokoni, jambo ambalo waliosaini mkataba hawakuliweka mbele. Hilo nalo lihesabiwe. Lakini sababu ya reli kuwepo ilikuwa kumzunguka Ian Smith na makaburu waliomshika mkono.

"Tanzania ilisusia Montreal mwaka 1976 kwa kuwa Afrika Kusini ilikuwepo"

Si kweli. Hili hata watu wazima waliokuwepo hulikosea.

Afrika Kusini haikuwa Montreal. Ilizuiwa Olimpiki tangu Tokyo mwaka 1964. Aliyekuwepo ni New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilikuwa ndani ya Afrika Kusini ikicheza mechi za ziara, wiki chache tu baada ya polisi kuwapiga risasi watoto wa shule Soweto tarehe 16 Juni 1976. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kusema: New Zealand ikibaki, sisi hatuingii uwanjani. Kamati ya Olimpiki ikajibu kwamba raga si mchezo wa Olimpiki, hivyo haiwahusu. Zaidi ya nchi 20, nyingi za Afrika, zikajitoa. Wanamichezo wa Misri, Tunisia, Morocco na Cameroon walikuwa wameshaanza kushindana, wakaondoka. Senegal na Ivory Coast walibaki.

Jibu la kamati lilikuwa sahihi kwa herufi ya kanuni. Lakini hebu tazama kalenda. Tarehe 14 Julai 1976 TAZARA ilikabidhiwa rasmi kwa Tanzania na Zambia. Tarehe 17 Julai Olimpiki ikafunguliwa Montreal. Nchi hii ilikuwa imemaliza tu kutandika reli kuvuka bonde na milima kwa ajili ya kuwatenga wabaguzi. Ingewezekanaje, siku tatu baadaye, ipite mbele ya jukwaa ikipunga mkono na timu ambayo ndugu zake wa raga wako Afrika Kusini wakikaribishwa chakula na serikali ileile? Msimamo wa michezo na msimamo wa reli ulikuwa mmoja. Serikali iliyoukubali mmoja na kuuacha mwingine ingekuwa inajidanganya.

Na siasa Montreal haikuletwa na Waafrika peke yao. Canada yenyewe, mwenyeji, iliwazuia Taiwan kushindana kwa jina walilolitaka, nao wakaenda zao. Hilo halitajwi na wale wanaosema Afrika iliharibu michezo ile.

"Bila kususia, Filbert Bayi angerudi na dhahabu"

Hakuna awezaye kuliapia, na ningependa tuache kulisema kana kwamba ni hakika. Lakini tusilitupe pia, maana ndani yake kuna mtu.

Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, Michezo ya Jumuiya ya Madola. Bayi, askari wa miaka 20 mzaliwa wa Karatu, aliingia mita 1500. Siku hizo mbio hizo zilikimbiwa kwa kuviziana, kila mmoja akimtegea mwenzake upepo. Bayi hakumtegea mtu. Alitoka mbele mlio wa bastola ulipolia, akafungua pengo, wenzake wakangoja achoke. Hakuchoka. John Walker wa New Zealand alimsogelea mwishoni mbele ya watu wa kwao, naye pia akaivunja rekodi ya dunia ya zamani, lakini akamaliza wa pili. Ben Jipcho wa Kenya akawa wa tatu. Bayi alitumia dakika 3 na sekunde 32.16. Mwaka uliofuata, Kingston, Jamaika, akavunja na rekodi ya maili.

Dunia ikasubiri Montreal, Bayi na Walker tena. Haikutokea, na iliyosusiwa ni New Zealand, nchi ileile ambako Bayi alikimbia mbio za maisha yake. Walker alichukua dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39.17, mbio za polepole za kuviziana, aina ambayo Bayi asingeiruhusu.

Mpaka hapo dai linaonekana kweli. Kinachosahauliwa ni kwamba Bayi aliugua malaria muda mfupi kabla ya michezo ile. Watu wa Ifakara hawahitaji kuelezwa malaria hufanya nini kwa mwili. Mji huu umeishi na utafiti wa ugonjwa huo tangu Mswisi Rudolf Geigy alipofika hapa mwaka 1949. Kijiji chetu cha Idete kilishiriki majaribio ya chanjo miaka ya 1990, na mpango wa kuwauzia wananchi vyandarua vyenye dawa ulijaribiwa Kilombero na Ulanga kabla ya vyandarua hivyo kuenea nchi nzima. Homa inapoondoka, damu bado imepungua. Mtu anaweza kurudi shambani na asiweze kumaliza ngwe. Je, mkimbiaji angeweza kuvunja pumzi za mabingwa wa dunia? Labda. Bayi alikuwa na mwili usio wa kawaida. Labda hapana.

Ninachokijua ni kwamba hakuulizwa. Uamuzi ulikuwa wa taifa, nami nauona ulikuwa wa haki, lakini mwenye miguu alikuwa yeye. Wakubwa waliotoa tamko hawakupoteza Olimpiki yao. Mtu anapotetea kususia, ni lazima aseme hilo kwa sauti, wala asilifunike chini ya neno uzalendo.

"Mwaka 1980 tulikwenda Moscow kwa sababu tulikuwa wa Warusi"

Si kweli. Tanzania ilijenga reli na Wachina, ambao wakati huo hawakuwa na maelewano na Moscow, na ilipokea misaada mingi kutoka Sweden na nchi nyingine za Magharibi.

Rais Carter wa Marekani alitaka dunia isusie Moscow kwa sababu ya jeshi la Kisovyeti kuingia Afghanistan. Mwezi Februari 1980 akamtuma Muhammad Ali kuja kuwashawishi viongozi wa Afrika, na kituo cha kwanza kikawa Dar es Salaam. Ali alipendwa hapa kuliko mwanamichezo yeyote wa nje. Lakini Mwalimu Nyerere hakumpokea. Kumtuma bondia, hata bondia yule, kujadili jambo zito la nchi na nchi kulichukuliwa kama dharau. Ali akakutana na maswali: Marekani ilikuwa wapi mwaka 1976, Afrika ilipoomba kuungwa mkono dhidi ya makaburu? Akasema hakuwa ameelezwa habari hiyo, na akiwa bado safarini alikiri kwamba huenda anatumiwa. Ilihitaji moyo wa kiume kusema vile mbele ya waandishi.

Kenya iliufuata wito wa Carter. Tanzania ikaenda. Bayi, akiwa sasa anakimbia mita 3000 za kuruka viunzi na maji, aliongoza kwa mbali mpaka Mpolandi Bronisław Malinowski alipompita mzunguko wa mwisho. Fedha. Suleiman Nyambui naye akapata fedha kwenye mita 5000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Mpaka leo hizo ndizo medali mbili pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata.

"Kususia hakukuleta kitu chochote"

Si kweli, ingawa kuna wanaotia chumvi upande wa pili pia.

Michezo haikuuangusha ubaguzi wa rangi. Waliouangusha ni wananchi wa Afrika Kusini wenyewe, kwa migomo, kwa maandamano na kwa damu, wakisaidiwa na vikwazo vya uchumi na nchi zilizowapa pa kukaa. Mkoa wetu wa Morogoro ulikuwa mahali pamojawapo pa namna hiyo. ANC, chama cha wapigania uhuru wa Afrika Kusini, kilifanya mkutano wake mkubwa Morogoro mwaka 1969, na pale Mazimbu wakimbizi wa chama hicho wakajenga shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Majengo hayo leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine.

Lakini michezo iliwagusa makaburu mahali ambapo hotuba za Umoja wa Mataifa hazikufika, sebuleni mwao. Weupe wa Afrika Kusini walijihesabu kuwa taifa la kawaida la dunia ya kistaarabu, na mechi za kimataifa ndizo zilizowapa hisia hiyo. Kila mechi iliyovunjika iliwaambia vinginevyo. Aprili 1977, Newport Beach, California, Marekani ilipocheza na Afrika Kusini, waandamanaji walimwaga mafuta uwanjani, na nahodha wa Marekani, Tony Trabert, akawapiga kwa raketi yake. Picha hiyo ilizunguka. Miezi miwili baadaye viongozi wa Jumuiya ya Madola walikubaliana Gleneagles, Uskoti, kukatisha tamaa michezo yoyote na Afrika Kusini. Mwaka 1978 pambano la Nashville likachezwa huku viti vingi vikiwa vitupu na maandamano nje. Kisha Afrika Kusini ikawekwa nje ya Kombe la Davis, na haikurudi mpaka mwaka 1992, Nelson Mandela akiwa ameshatoka jela na sheria za ubaguzi zikifutwa.

Miaka yote hiyo wachezaji wake waliendelea kushiriki mashindano ya mtu mmoja mmoja. Kilichozuiwa ni bendera.

"Kanuni ni moja kwa nchi zote"

Si kweli kabisa, na hapa nakubaliana na wanaolalamika.

Desemba 1976, miezi mitano baada ya Montreal, fainali ya Kombe la Davis ilichezwa Santiago, Chile, chini ya utawala wa kijeshi wa Pinochet. Umoja wa Kisovyeti ulikuwa umekataa kucheza na Chile nusu fainali, hivyo Chile ikapita bure. Fainali ilifanyika ndani ya eneo la Uwanja wa Taifa, ambamo miaka mitatu kabla maelfu ya watu walifungiwa, wakateswa, wengine wakauawa. Italia ilibishana nyumbani kama iende au isiende. Ikaenda, ikashinda. Siku ya mechi ya wawili wawili, Adriano Panatta na Paolo Bertolucci waliingia wamevaa fulana nyekundu, mbele ya serikali iliyowaua watu kwa rangi hiyo ya kisiasa. Chile haikufungiwa. Pinochet alitawala mpaka mwaka 1990.

Machi 2009, Malmö, Sweden, wiki chache baada ya vita vya Gaza vya wakati ule, Sweden ilicheza na Israel ukumbi ukiwa karibu mtupu kwa uamuzi wa halmashauri ya jiji, na maelfu wakiandamana nje. Israel haikufungiwa. Mwaka 2022 Urusi, bingwa mtetezi wa Kombe la Davis, ilifungiwa ndani ya siku chache baada ya kuivamia Ukraine. Makaburu walitolewa, wakarudishwa na kutolewa tena kwa muda wa miaka mingi. Anayeuliza kwa nini kipimo hakifanani anauliza swali la haki, na mashirikisho ya michezo hayajalijibu. Ila swali hilo haliwasafishi makaburu. Kwamba wengine waliponyoka haimaanishi kwamba yule aliyekamatwa alionewa.

Na aliyenufaika na kutokuwepo kwa Urusi mwaka 2022? Canada. Ilikuwa imeshafungwa na Uholanzi kwenye mechi za kufuzu, ikapewa nafasi iliyobaki wazi, ikacheza mapambano yote mpaka mwisho na kutwaa kombe hilo kwa mara ya kwanza. Septemba 2025 zamu ya kuamua ikaifikia yenyewe: Israel ilikuja kucheza Halifax, mamia ya watu wakataka pambano lifutwe, na waandaaji wakachagua lichezwe milango ikiwa imefungwa, bila mtazamaji hata mmoja aliyekata tiketi.